Biti, Baiti na Mahindi ya Njano

Zuhura mwanangu,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda Kimamba kumuaga shangazi yako, umejifunga kitenge changu kipya bila hata kuomba, na mimi nimebaki barazani na hasira zangu. Nimeona bora niziandike. Nikisubiri urudi nikuambie kwa mdomo nitakugombeza tu, nawe utainamisha kichwa useme, "Nimekusikia, mama," na hapo hapo nitajua hakuna kilichoingia. Barua hii naitia kwenye kikapu, chini ya maandazi. Usiifungue mpaka kesho treni iwe imeshaondoka Kilosa.

Sitaandika habari za kula, wala za kufua, wala za wanaume wa Dar es Salaam. Hayo umeshaambiwa na kijiji kizima, mpaka na watu ambao Dar es Salaam wenyewe hawajaiona. Mimi nataka kuzungumza habari za ule mtihani.

Umekaa hapa likizo nzima unacheka na watu. Kila aliyekuuliza habari za masomo umemjibu "nzuri". Balozi wa nyumba kumi kakuuliza, nzuri. Babu yako kakuuliza, nzuri. Mpaka juzi tunapepeta mahindi mlangoni pa ghala ndipo ungo ukakuponyoka, ukaanza kulia, ukaniambia umefeli. Kwamba mwalimu wenu amekupa nafasi moja tu ya kurudia, Jumatatu hii, na ukishindwa unarudishwa nyumbani. Khaa! Likizo nzima, Zuhura! Mimi nilikuwa naringa kisimani kwamba mwanangu anasomea mashine za kuhesabu za serikali, kumbe mwenzangu umekaa na moto kifuani.

Nikakwambia basi nieleze mimi hicho kilichokushinda, tuone. Nilisema kwa ukali, najua. Ukafuta machozi ukaanza kueleza, na hapo ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa, maana ulieleza vizuri.

"Biti ni nini?" nikakuuliza.

"Ni kitu kidogo kuliko vyote, mama. Ni ndiyo au hapana. Basi. Pale kwenye kadi pametobolewa au hapakutobolewa."

"Na baiti?"

"Biti nane zikikaa pamoja. Zinatosha kutunza herufi moja."

Nikahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo jina lako, Zuhura, ni baiti sita."

"Sita kweli, mama!" Ukacheka huku kamasi zinakutoka.

Ukanieleza kadi za karatasi ngumu zenye safu themanini, kila safu herufi yake, na utepe unaozungushwa kama uzi wa cherehani, ukitaka kitu kilicho mwishoni huna budi kuuzungusha wote tangu mwanzo. Yote hayo nilikuelewa. Tukagombana kidogo kwenye kilo. Uliposema kilobaiti moja ni baiti elfu moja na ishirini na nne nilikwambia hiyo si kilo, hiyo ni mizani mbovu. Miaka yote nimepima mahindi na ufuta wa watu, sijaona kilo yenye nyongeza. Ukasema mashine inahesabu kwa kuzidisha mbili, mbili, mbili, ukifanya hivyo mara kumi ndipo unapofika. Haya. Sikuridhika, lakini mashine si yangu.

Tukafika kwenye swali lenyewe lililokuangusha. Utepe umetunza kilobaiti kadhaa, waya unapitisha biti kadhaa kwa sekunde, je, mzigo wote utafika baada ya muda gani? Ukagawanya ukapata jibu zuri, ukaandika kwa wino. Kumbe kinachotunzwa mnakipima kwa baiti na kinachosafiri mnakipima kwa biti, na wewe ulitakiwa kuzidisha kwa nane kwanza. Mzigo wako ukafika mapema mara nane kuliko unavyoweza kufika. Na swali hilo lilikuja la pili, la tatu na la nne, ukalikosea vile vile kote.

Mwanangu, hakuna mwanamke wa Msowero ambaye hajui kwamba pishi moja ni vibaba vinne. Ukiwa na pishi ishirini ghalani na mtu anachota kwa kibaba, hutamwambia atamaliza kwa kuchota mara ishirini. Wewe hilo unalijua tangu hujaota meno ya utu uzima. Haikuwa akili iliyopungua. Nilichokuwa nataka kujua ni nani hakukwambia.

"Aliniambia," ukasema. "Alituambia wote siku ya kwanza. Lakini anasema upesi, na mimi nilikuwa bado naandika lile neno la nyuma. Alipomaliza akauliza, 'Mmeelewa?' Tukasema, 'Ndiyo, Mzee.'"

"Wewe ulikuwa umeelewa?"

"Hapana."

"Sasa ulisema ndiyo ya nini?"

Ukanitazama kana kwamba nimekuuliza kwa nini watu wanavaa nguo. "Mama, yule ni mtu mzima. Nitamkatizaje?"

Nikakuuliza kama kuna mengine. Ukasema kuna kitu kinaitwa bafa, hukijui hata kidogo. Kuna tofauti ya utepe na sahani ya mashine, hiyo unaijua nusu. Kuna na la tatu ambalo umesahau mpaka jina lake. Na unarudi kufanya mtihani Jumatatu na mashimo yote hayo, umenyamaza kimya, na hukuwa na nia ya kumuuliza mtu! Nilinyanyuka nikaenda nyuma ya nyumba. Ulidhani nimekwenda kuleta kuni. Nilikwenda kupiga kelele peke yangu.

Kinachonikera, Zuhura, ni kwamba siwezi kukulaumu nikamaliza. Nani aliyekufundisha kwamba mkubwa akisema mdogo hadakii? Mimi. Nani aliyekuchapa fimbo za miguu siku ile ulipomuuliza mgeni wa baba yako mbona anarudia maneno? Mimi tena. Hapa kijijini wakitaka kumsifia mtoto wanasema ana adabu kama wa Mama Zuhura, nami navimba kichwa. Sasa adabu hiyo hiyo inataka kukupandisha treni ya kurudi. Nakasirika mpaka nashindwa kumeza chakula, na sioni wa kumtolea.

Unajua ukirudi kuna nini. Yule mtu wa Malolo aliyeleta posa, baba yako hajamjibu, na wewe unafikiri amesahau. Hajasahau. Anangoja aone huko kutatokea nini. Na unakumbuka mkutano ule walipokuchagua wewe uende, nusu ya wazee walisema apelekwe mvulana, wengine wakasema haya, tujaribu msichana mmoja kwanza tuone. Ukirudi umeshindwa hawatasema Zuhura hakuuliza swali. Watasema tulijaribu msichana. Binti wa jirani yetu, yule Mwanaidi anayekufuata kama mkia akitaka umfundishe hesabu, huyo ndiye ambaye mlango utafungwa usoni mwake. Haya ni mazito, na sipendi kukubebesha, lakini ndivyo yalivyo.

Nataka nikukumbushe mwaka wa mahindi ya njano. Ulikuwa darasa la saba. Mvua zilitukimbia, kijiji bado kichanga, watu wametoka kila upande hata majina hawajuani vizuri, na serikali ikatuletea mahindi ya msaada. Unakumbuka uji ule na ile ladha yake. Unakumbuka na kwamba mahindi yalioza. Watu waligombana mkutanoni mpaka mmoja akamvua mwenzake kofia. Lakini namna yalivyooza hukuwahi kuambiwa, kwa sababu hapa nyumbani hakuna anayelisema.

Lori lilitokea upande wa Mikumi. Lilikwama njiani kwenye udongo mweusi, mvua ya ghafla ikalikuta huko, na turubai lake lilikuwa limechanika. Likafika kwetu mchana, mawingu yamekaa tena, dereva anapiga honi anataka kuondoka kabla njia haijafunga. Ghala letu lingemeza malori matatu ya namna ile. Lakini mlango wake unaujua, anapita mtu mmoja na gunia lake kichwani, basi. Juzi uliponiambia kwamba kutunza kingi ni jambo moja na kupitisha upesi ni jambo jingine, na kwamba mzigo wote unakwenda kwa mwendo wa mahali pale penye wembamba, mimi niliona mlango ule mbele yangu.

Mimi nilikuwa ndani, ndimi mtunza ghala. Nje alisimama babu yako, baba mkwe wangu, ndiye mwenyekiti. "Ingizeni! Ingizeni! Msisimame!" Vijana wanaingia mbio, mimi naonyesha pa kupanga. Magunia ya juu yalikuwa makavu. Tulipofika ya katikati nikashika gunia moja mkono ukarudi na maji. Nikashika jingine, vile vile. Nilijua la kufanya, wala halikuwa na ugumu. Ni kusimamisha watu, yaliyolowa yawekwe kando, yafunguliwe, yaanikwe jua likitoka. Mtoto mdogo angejua.

Lakini kusimamisha watu ni kumkatiza baba mkwe wangu akiwa anaamrisha, mbele ya vijana. Wewe umenikuta na babu yako tunaishi boma moja, umeona. Akikaa mbele ya nyumba mimi napita nyuma. Chakula chake nakipika mimi, unakipeleka wewe. Tangu naolewa sijawahi kumtazama usoni wala kumwambia neno zaidi ya shikamoo na ndiyo. Ndivyo nilivyokuta kwa mama mkwe, naye ndivyo alivyokuta. Basi nikanyamaza. Nikawa naonyesha pa kupanga, yaliyolowa juu ya makavu, makavu juu ya yaliyolowa.

Lori lilipokwisha akaja mlangoni, uso kaugeuzia pembeni kama heshima inavyotaka, akauliza, "Mama Zuhura, mzigo ni mzima?"

Nikapiga goti. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Haukuchukua muda harufu ikaanza. Tulipofungua, ndani mlikuwa moto kama pombe inayochachuka, yaliyokuwa makavu nayo yamechukua ukungu. Tulitupa karibu yote. Nyie watoto mkawa mnakwenda shule na kikombe kimoja cha uji mwepesi, mdogo wako akavimba miguu, na ghala nikanyang'anywa msimu mzima. Yote hayo niliyabeba. Ila nikuambie kweli, moyoni sikujilaumu mimi. Nilimlaumu yeye. Nani aliyekuwa anasema ingizeni, ingizeni? Nani aliyekuwa nje kwenye mwanga? Miaka yote hii nampikia yule mzee ugali na kinyongo changu pembeni. Namchemshia maji ya kuoga yenye moto mzuri, na kinyongo changu kiko pale pale.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo, nikwambie usifanye kama mimi, niweke sahihi. Lakini nilipoandika maneno yale ya goti, kalamu ikanisimama. Nikajisomea. Nikaona ninachokudai wewe ni kitu ambacho mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye watoto, sijawahi kukifanya hata siku moja. Namtuma mtoto wa miaka kumi na tisa akamkatize mwalimu wake Dar es Salaam, na mimi mzee wangu yuko hatua chache nyuma ya banda la mbuzi sijamuuliza. Aibu ilinishika, kisha hasira, nikaacha kalamu hapa juu ya jamvi nikaenda.

Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nikapita mbele, sikupita nyuma. Nikakaa chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Panga likasimama hewani. Nadhani alifikiri kuna msiba.

"Baba, nina swali."

Nikaona nikingoja nitakimbia, nikalitoa lote kwa pumzi moja. "Ule mwaka wa mahindi ya njano, siku ya lori. Yale magunia yaliyolowa, wewe uliyaona?"

Akaupapasa mpini kutoka ncha hadi ncha. Halafu akasema, "Niliyaona. Maji yalikuwa yanawachuruzika vijana mgongoni. Nani asingeona?"

"Sasa baba, mbona hukusimamisha?"

Akaweka panga chini. "Ghala ni lako. Nilikuja mlangoni nikakuuliza, ukaniambia mzima. Nikajua huyu ameyashika kwa mikono yake, ana mpango wake. Nikuambie nini tena? Nikukosoe mbele ya vijana, wewe mke wa mwanangu? Niliona vibaya."

Zuhura, nilimtazama usoni. Mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya jicho, sikuwahi kulijua.

Yaani yule mzee alinyamaza kwa kuniheshimu mimi! Mimi nimenyamaza kwa kumheshimu yeye, yeye kanyamaza kwa kuniheshimu mimi, wote wawili tunayaona maji, na kijiji kikala ukungu. Nilitaka kucheka, nikatoka machozi. Akaniuliza mbona limenijia leo. Nikamwambia Zuhura anaondoka kesho, ana maneno hakuyaelewa, anaona haya kumuuliza mwalimu wake. Akaguna. Akasema, "Huyo mwalimu naye si anaona kwamba mtoto ameelewa?"

Hilo ndilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Nilikuwa nimemuweka mwalimu wenu kwenye kundi la watu wa ingizeni, ingizeni. Kumbe labda kila akiuliza "mmeelewa" anauliza kweli. Anasimama pale anangoja, mnamjibu ndiyo kwa sauti moja, anaendelea mbele na moyo mweupe. Karatasi yako ilipomjia imekosewa mara nne, amekuona mvivu. Angekuonaje vingine? Mtu aliyesema ndiyo mwenyewe!

Basi sikiliza. Jumatatu usiingie kwenye chumba cha mtihani kwanza. Uwahi, nenda mlangoni kwake. Msalimie vizuri, usinipunguzie hata chembe ya shikamoo yako, hiyo sijakuruhusu. Akishaitikia, mwambie, "Mzee, siku ile nilisema ndiyo, nilikuwa sijaelewa." Kisha mtajie yote, bafa, na sahani, na lile ulilosahau jina, hata kama itabidi umwambie kwamba jina umelisahau. Akieleza upesi tena, mwambie arudie. Akirudia usielewe, mwambie tena. Mimi hiyo bafa siijui na sitajaribu kukubahatishia, kazi ya kukwambia ni ya kwake.

Atakukasirikia? Inawezekana. Atakucheka? Na hilo linawezekana. Utataka kukimbia, utaona watu wote wanakutazama. Mimi yamenipata yote hayo mchana huu nyuma ya banda la mbuzi, wala sikuwa na mtihani.

Babu yako anakusalimu. Amesema mpini anaochonga ni wa jembe lako, ukija likizo, na mimi nimemjibu papo hapo, kwa mdomo wangu, kwamba utakuja likizo tu.

Mimi mama yako, niliyemuuliza mkwe wangu swali, na nimerudi mzima.